Spishi bobezi: kutu ya kahawa na chura wa Kihansi

Spishi bobezi ni ile iliyozoea mazingira au chakula cha aina moja tu, kiasi kwamba ikikosa hicho haiishi. Nguruwe pori si bobezi: akikosa mizizi atakula mahindi ya watu. Bobezi hana pa kukimbilia.

Wengi hudhani kiumbe wa namna hiyo lazima awe adimu. Si lazima. Chukua kuvu inayoleta kutu ya majani ya kahawa, kwa jina la kitaalamu Hemileia vastatrix. Haikui kwenye mahindi wala kwenye mboji. Inataka jani la mbuni, tena lililo hai. Ule unga wa rangi ya chungwa unaouona chini ya jani ndio vijimbegu vyake, na havichipui bila maji. Vikipata tone tu, vinapenya kwenye vitundu ambavyo jani hupumulia. Lakini binadamu alipanda mibuni Asia hadi Amerika, na kutu ikafuata. Mwaka 1869 ilikuwa Sri Lanka, ambako hatimaye mashamba ya kahawa yaligeuzwa ya chai. Mwaka 1970 ikaonekana Brazili.

Chura wa Kihansi naye huishi kwa matone. Hafiki hata sentimita 3, na huzaa vitoto vilivyokamilika, bila kupitia hatua ya viluwiluwi wanaoogelea majini. Makazi yake yote duniani yalikuwa kama hekta 2 zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, bwawa la umeme likiwa tayari linajengwa. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika.

Kumwita chura huyu dhaifu ni kumwonea. Kwa ubobezi hajaizidi kutu; tofauti ni kwamba makazi ya kutu tuliyapanda wenyewe, yake tukayakausha.

Yalifungwa mabomba ya kunyunyizia, na vyura wakaongezeka. Mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, na kwenye miili yao ikakutwa kuvu nyingine, ya kitridi, inayoshambulia ngozi ya vyura. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Bahati njema, vyura karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mapema, wakazaliana huko, na kuanzia mwaka 2012 vizazi vyao vikarudishwa korongoni, chini ya manyunyu ya mabomba.