Maji magumu ni maji gani?

Jaza chupa nusu kwa maji ya kisima kilichochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, tia vipande vya sabuni ya mche, kisha tikisa kwa nguvu. Povu litakuja kwa shida, na juu ya maji utaona utando mweupe unaogandana. Rudia kwa maji ya mvua: povu litafura mpaka mdomoni mwa chupa. Ya kisima ni maji magumu, ya mvua ni maji laini.

Hapa Lamu wengi huchanganya ugumu na chumvi. Maji ya chumvichumvi ulimi huyajua papo hapo. Ugumu ni habari ya madini mengine, hasa kalsiamu na magnesiamu. Mvua ikizama ardhini huchukua kabonidayoksaidi, ikawa na asidi kidogo, na hiyo asidi hulila jiwe la matumbawe polepole. Kinachoyeyuka kina asili moja na chokaa iliyopakwa kuta za nyumba zetu. Ukiyachemsha maji hayo, chokaa hurudi: ni ule ukoko mweupe unaoshika ndani ya sufuria ya chai.

Kwa anayefuga samaki wa rangi, jambo hili ni kubwa. Mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa manjano, wa buluu na wa milia, ni jamaa wa perege, na wanatoka kwenye maji ambayo pH yake, yaani kipimo cha asidi, ni kama 8. Wenzao wa Ziwa Tanganyika wamezoea hata 9. Saba ndiyo katikati; chini yake ni asidi, na maji magumu ya matumbawe kwa kawaida huwa juu yake. Kwa hiyo kisima kinachowaudhi wafuaji nguo kinaweza kuwafaa mbuna vizuri sana, mradi kisiwe cha chumvi.

Mimi niliwahi kujaza tangi zima maji ya mvua, nikiamini ndiyo masafi zaidi. Baada ya wiki chache samaki walififia rangi, wakajibanza pembeni, na wawili wakafa. Bado naumia nikiwakumbuka. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa naitreti, na katika kazi hiyo hutokea asidi. Maji magumu ya kisima cha matumbawe yana kabonati za kuizima asidi hiyo. Ya mvua hayana, basi pH ikaporomoka.

Lakini angalia: pH ikipita 8, amonia huwa na sumu kali zaidi. Walishe kidogo kidogo, na ubadilishe robo ya maji kila wiki.

Nyumba za kale za hapa zilikuwa na birika la mawe na chokaa msalani, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa palizamishwa bakuli la kauri, maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Ufugaji huu si mgeni kwetu.

Kama maji yako ni laini, tandika chini ya tangi mchanga wa chokaa, uliooshwa mpaka chumvi iishe. Kuujua, weka kiganja cha mchanga mkavu kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukichemka vipovu, ndio wenyewe.