Fahamu: kuichunguza kwa ndani na kwa nje

Mtu akianguka na kuzirai, tunasema amepoteza fahamu. Akizinduka, fahamu zimemrudia. Fahamu hapo ni ile hali ya kuwa macho na kuhisi: kuona wekundu, kusikia maumivu, kujua kwamba anayehisi ni mimi.

Kiswahili kimetupa neno zuri la kuanzia, nafsi. Ukiichunguza fahamu kwa nafsi ya kwanza, mwenye kuhisi ndiye anayesema: jino linapwita, halichomi. Ukiichunguza kwa nafsi ya tatu, ni mwingine anayekutazama: anamulika jicho kwa tochi aone kama mboni inasinyaa, au anapima umeme wa ubongo. Kipimo cha Glasgow cha mwaka 1974, ambacho madaktari hupimia kiwango cha fahamu, ni cha namna hiyo. Je, mgonjwa anafumbua macho, anajibu, anasogeza viungo? Anapewa alama, kuanzia 3 hadi 15.

Ila kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka huohuo wa 1974 mwanafalsafa Thomas Nagel aliuliza: kuwa popo kukoje? Unaweza kujua yote kuhusu popo anavyopiga sauti na kusikiliza mwangwi wake, na bado usijue yeye mwenyewe anahisije.

John Watson, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa ameshataka tangu 1913 habari za ndani ziachwe, isomwe tabia tu. Kwangu huko ni kulikimbia swali. Lakini na msemaji wa ndani naye si wa kuaminiwa kwa kila kitu. Wapo watu walioumia sehemu ya ubongo ya kuonea, wanaoapa kwamba upande mmoja hawaoni chochote. Waambie wabahatishe taa imewaka wapi, wanapatia mara nyingi kuliko bahati inavyoruhusu.

Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake, nchini Uingereza, walieleza habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kichwa katika ajali ya barabarani. Alikuwa anafumbua macho bila kuonyesha dalili yoyote ya kujitambua. Wakiwa wanaupiga picha ubongo wake, walimwambia awaze anacheza tenisi, kisha awaze anapita chumba hadi chumba nyumbani kwake. Ubongo ukaitika kwa namna mbili tofauti. Picha hizo zilisomeka kwa sababu watu wenye afya, wanaoweza kusema walichokuwa wakiwaza, nao walipigwa picha wakiwaza mambo hayohayo.