Kuteleza ulimi: neno lililomponyoka mwanasiasa lina maana gani?

Kuteleza ulimi ni kutamka neno usilolikusudia, ilhali lile ulilolikusudia unalijua vizuri. Sharti hilo la pili ndilo watu wanalolisahau. Waziri anayetaja takwimu zisizo sahihi kwa sababu hazijui hajateleza, amekosea. Anayetoboa jambo alilotakiwa kulificha naye hajateleza, ameropoka. Aliyeteleza kweli, ukimrudishia maneno yake, hushtuka.

Imani kwamba ulimi ukiteleza humwaga ya moyoni ilienezwa na Sigmund Freud, daktari wa Vienna, katika kitabu chake cha mwaka 1901. Mmoja wa mifano yake ni wa spika wa bunge la Austria aliyesimama kufungua kikao akatangaza kwamba kimefungwa. Freud aliona pale mtu aliyetamani kikao kiishe kabla hakijaanza. Mwanaisimu Rudolf Meringer, aliyeuandika mfano huo kabla yake, alikuwa na maelezo mepesi zaidi: maneno yenye maana kinyume yamezoeana akilini, ukiliita moja la pili nalo huitika.

Kwa Kiswahili mtego huo uko karibu zaidi. Kati ya funga na fungua pana irabu moja tu. Kati ya tutashinda na tutashindwa pana w. Mgombea akisema jukwaani "mwaka huu tutashindwa", wapinzani watasambaza klipu usiku kucha, kumbe mdomo umeongeza sauti moja kwenye shina lile lile. "Tutapigania rushwa" ni habari nyingine. Kupigania kitu ni kukitetea, kupigana nacho ni kukipinga, na anayechanganya hayo mara nyingi hajui tofauti yake, hivyo atasema vile vile kesho kwenye mkutano mwingine. Kosa linalojirudia si la ulimi.

Je, mawazo hayana mchango wowote? Yanao. Mwaka 1979 watafiti Michael Motley na Bernard Baars waliwasomesha wanaume jozi za maneno kwa kasi. Walioambiwa kwamba huenda wakapigwa shoti ya umeme walikosea zaidi kuelekea maneno ya umeme. Ila angalia jinsi jaribio lilivyotegwa: jozi zilichaguliwa ambazo, sauti zikibadilishana nafasi, huzaa maneno hayo. Wazo lilisukuma mlango ambao tayari ulikuwa wazi.

Kwa mtazamo huo, mkumbuke George W. Bush, rais wa zamani wa Marekani, pale Dallas, Mei 2022. Alitaka kulaani uvamizi wa Ukraine, akalaani uvamizi wa Iraq "usio na sababu". Akajisahihisha, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba na Iraq pia, kisha akataja umri wake, miaka 75. Wengi waliita hilo ungamo. Lakini Iraq ndiyo vita aliyoianzisha mwenyewe mwaka 2003, na kwake neno "uvamizi" limefuatana na jina hilo kwa karibu miaka 20. Mtelezo unaonyesha neno gani lilikuwa jirani, hauonyeshi anaamini nini. Kile alichokiongeza baada ya kujisahihisha ndicho kinachofaa kujadiliwa, maana hicho alikisema akiwa ameshalisikia kosa lake.

Kwa hiyo ukiletewa klipu, kwanza tafuta rekodi nzima, usikilize angalau nusu dakika kabla na baada. Huenda klipu imekatwa pale pale anapojisahihisha. Kisha liandike neno alilolikusudia kando ya lililotoka: yanafanana sauti? Ni ya kundi moja, kama majina mawili ya marais? Je, lililotoka lilitajwa sentensi chache nyuma, au lipo mbele kwenye hotuba iliyoandikwa? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, kosa limeshapata sababu, huna haja ya siri. Likiwa hapana kwa yote, bado huna ushahidi, una swali tu. Lipeleke kwenye kumbukumbu rasmi za bunge, uone alipigia kura nini na aliupinga muswada gani.