Kwa nini mtoto hupangusa machozi ya moshi usiokuwepo?

Watazame watoto wakijipikilisha uani. Kopo la maziwa ndiyo sufuria, mchanga ndiyo unga, kijiti ndiyo mwiko. Msichana wa miaka 4 anasonga, anagonga mwiko ukingoni mara mbili, kisha anageuza uso na kupangusa macho kwa mgongo wa mkono. Moto hakuna, moshi hakuna. Ila mama yake akisonga ugali jikoni kwenye kuni hufanya hivyohivyo, na mtoto kachukua vyote, machozi yakiwemo.

Je, wajua kwamba sokwe angeyaacha hayo machozi? Mwaka 2005, watafiti Victoria Horner na Andrew Whiten walichapisha jaribio walilofanya kwa sokwe wadogo wa kisiwa cha Ngamba, Ziwa Victoria upande wa Uganda, na kwa watoto wa miaka 3 hadi 4. Mtu alichukua kijiti, akakichomeka kwenye tundu la juu la kisanduku, halafu akafungua kilango cha mbele na kutoa zawadi. Kisanduku kilipokuwa cheusi, sokwe waliiga yote. Kilipokuwa cha kuona ndani, waligundua kuwa lile tundu la juu halifiki popote, wakaenda moja kwa moja kilangoni. Watoto nao? Waliendelea kuchomeka kijiti juu kana kwamba hawajaona kitu.

Usiharakishe kusema sokwe kamzidi mtoto akili. Chukua muhogo mchungu: unamenywa, unalowekwa siku kadhaa, unaanikwa, ndipo unasagwa. Sumu yake, sianidi, haionekani kwa macho, na wengi waliorithi kazi hiyo hawakuwahi kuelezwa sababu. Bibi alifanya hivyo, basi. Mjukuu mjuaji akiruka hatua moja kwa kuiona haina kazi, anaweza kuwadhuru wote nyumbani. Mambo mengi ya binadamu yako hivyo, kwa hiyo mtoto hubeba kwanza, kupembua baadaye.

Kubeba huko hakuonekani kila mara. Mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikwishaonyesha mwaka 1961 kwamba watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kupulizwa walimpiga vilevile, kwa nyundo ileile na maneno yaleyale. Mwaka 1965 akawaonyesha wengine filamu ambamo mpigaji anaadhibiwa. Hao walimwiga kidogo. Ungesema somo halikuwaingia. Kisha wakaahidiwa juisi na vibandiko vya picha kwa kila kitendo watakachokumbuka. Wakavitoa kama wenzao walioona mpigaji akisifiwa. Kumbe walikuwa wamevihifadhi tu.

Yule wetu wa uani ameshapakua. Mdogo wake anasogelea kopo, na mpishi wetu anaweka mkono kiunoni: “Wewe! Nimekwambia mara ngapi utaungua?”

Mama, anayefua pale bombani, anainua kichwa.