Treni, Basi au Ndege? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Safari za Reli

Tangu treni za SGR, yaani reli ya kisasa yenye njia pana, zianze kubeba abiria, Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017 na Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, mabishano hayajaisha. Wapo wanaosema mabasi yamekwisha, na wapo wanaosema reli ni deni tupu. Pande zote mbili husahau kuuliza mambo mawili: viti vingapi vimekaliwa, na abiria anatoka wapi kwenda wapi hasa.

Dhana: Treni siku zote ni nafuu kuliko basi

Viwango vya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini Tanzania, vya Desemba 2023 viliweka nauli ya basi la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa kila abiria, na basi la daraja la kati 67.84. Treni ya SGR ilipoanza ilipangiwa 69.51. Kwa hiyo Dar hadi Dodoma kwa treni ya kawaida ilikuwa 31,000, karibu sawa na basi zuri na juu ya basi la kawaida. Treni ya mchongoko, ile ya umeme yenye pua iliyochongoka, ni ghali zaidi. Kinachonunuliwa pale ni muda: saa tatu na nusu hadi nne, badala ya saa saba au zaidi barabarani.

Kenya nako, nauli ya daraja la kawaida Nairobi–Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, na daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Kwa bei hiyo ya daraja la kwanza, tiketi ya ndege iliyokatwa mapema huweza kukaribiana nayo.

Halafu kuna gharama ambazo haziandikwi kwenye tiketi. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, ya Mombasa iko Miritini, ya Dodoma iko Mkonze. Msafiri wa peke yake mwenye begi moja atapanda treni ya kuunganisha au bodaboda na asihisi kitu. Familia ya watu watano yenye mizigo itahitaji teksi kila upande, na hapo ndipo unafuu unapoyeyuka. Piga hesabu ya mlango hadi mlango kabla ya kukata tiketi.

Dhana: Ukitaka haraka, ni ndege tu

Inategemea umbali na kasi ya reli. Nairobi–Mombasa, ndege iko hewani chini ya saa moja. Ongeza safari ya kwenda uwanjani, saa moja na nusu ya ukaguzi na kusubiri, kisha foleni ya kuingia kisiwani: kama saa nne. Treni ya Madaraka, yaani ya abiria ya SGR ya Kenya, yenye kasi ya juu ya kilomita 120 kwa saa, hutumia zaidi ya saa tano njiani. Ukijumlisha Syokimau, ukaguzi wa mizigo na Miritini, safari nzima inachukua saa saba au nane. Ndege inashinda wazi.

Dar–Dodoma mambo ni tofauti. Njia imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa, na stesheni ya Dar ipo katikati ya jiji, si nje kama ya Nairobi. Mtu anayetoka Kariakoo akipanda treni ya haraka anaweza kufika Dodoma muda uleule na mwenzake aliyepitia uwanja wa ndege, kwa sehemu ndogo ya nauli. Ila asifike stesheni dakika kumi kabla. Tiketi ina jina, kitambulisho kinakaguliwa, mizigo inapita kwenye mashine, na geti hufungwa kabla ya treni kuondoka. Tenga saa moja, na sikukuu tenga mbili.

Dhana: Treni za zamani ni za polepole kwa sababu reli ni nyembamba

Upana wa reli ni sababu mojawapo tu, wala si kubwa. Reli ya zamani ya kati ina upana wa milimita 1,000, SGR ina 1,435. Lakini Queensland, Australia, treni za abiria hukimbia kilomita 160 kwa saa kwenye reli ya milimita 1,067, upana uleule wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Kinachozuia mwendo ni kona kali, reli nyepesi, kokoto pungufu chini ya mataruma, madaraja dhaifu na ishara za kizamani. Kati ya Kilosa na Gulwe mafuriko yamesomba tuta mara nyingi. Ukiipanua njia hiyo bila kunyoosha kona na kuinua tuta, treni bado itajikokota.

Dhana: Umeme wa majumbani ukikatika, treni inasimama

SGR ya Tanzania haichoti umeme kwenye nguzo za mtaani. Kati ya Dar na Morogoro ilijengewa njia yake ya kilovolti 220, inayoshushwa vituoni hadi kilovolti 25 kwenye waya wa juu ya treni. Mgao wa mtaani kwako haugusi waya huo. Kinachoweza kuusimamisha ni hitilafu kwenye mfumo wenyewe au kwenye gridi ya taifa. Mwaka 2024 Shirika la Reli Tanzania (TRC) liliwataja hadi ngedere na bundi kuwa chanzo cha hitilafu. Watu walicheka, lakini mnyama akigusa waya na chuma cha nguzo kwa pamoja, mzunguko hufupika na swichi za kinga hukata umeme zenyewe. Ndivyo zilivyotengenezwa.

Dhana: Nauli za abiria zitalipa deni la reli

Hapa hesabu inauma. Ujenzi wa Mombasa–Nairobi uligharimu takriban shilingi bilioni 327 za Kenya, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Tukadirie treni sita kwa siku, kila moja na abiria 1,200 wanaolipa 1,500. Hiyo ni shilingi milioni 10.8 kwa siku, kama bilioni 3.9 kwa mwaka. Hata kila kiti kikijaa, na dizeli, mishahara, vipuri na riba visigharimu senti, ingechukua zaidi ya miaka 80. Ndiyo maana mizigo ilitegemewa kubeba deni, na ndiyo maana kuna ushuru wa maendeleo ya reli kwenye bidhaa zinazoagizwa nje tangu 2013. Mkazi wa Lodwar, kaskazini mwa Kenya mbali na reli hiyo, anayenunua redio anachangia treni ambayo huenda hataipanda.

Wanaokomea hapo, hata hivyo, huzungumza kana kwamba barabara ni ya bure. Julai 2024 tozo ya matengenezo ya barabara Kenya ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta. Na uharibifu haugawanyiki sawa. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa ekseli (mhimili wa magurudumu) ikiongezewa uzito maradufu, lami huumia takriban mara 16. Ekseli ya tani 10 huumiza karibu mara 10,000 kuliko ya tani moja. Lori halilipi tozo mara 10,000 ya gari dogo. Swali la haki ni nani anabeba gharama isiyo kwenye tiketi, na liulizwe kwa vyombo vyote.

Dhana: Treni haichafui hewa

Ya Madaraka inachoma dizeli. Ya Tanzania inatumia umeme, hivyo usafi wake ni usafi wa mitambo inayouzalisha. Zaidi ya hapo, seti ya mchongoko yenye nafasi 589 ikijaa inachukua abiria wa mabasi kumi. Ikienda na watu 80, basi lililojaa linaweza kuwa safi kuliko hiyo.

Dhana: SGR itayaua mabasi

Treni inapita Ngerengere, Kilosa, Kidete, Gulwe. Haipiti Gairo wala Kibaigwa. Mkulima wa Kibaigwa hana sababu ya kuifuata stesheni wakati basi linasimama mbele ya soko. Mabasi yaliyopoteza abiria ni yale ya moja kwa moja. Kwa wa njiani, anayesafiri usiku, au mwenye gunia la mahindi, konda bado ndiye mwenye jibu.