Behewa Kujaa Si Hesabu ya Reli

Kila unapotajwa mradi wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, hakosekani mtu hapa mjini wa kunieleza kwamba treni ya abiria itajilipa yenyewe, kwa kuwa mabasi ya Dar es Salaam yanajaa. Nimefanya kazi ya uendeshaji wa treni, na sasa najibu kwa maandishi kwa sababu mdomo umechoka.

Mwenye basi hulipia mafuta, matairi, dereva na kodi zake, barabara haimhusu. Kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam mwezi Mei 2024, TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, ndio waliorudisha njia, wala hakuna mwenye basi aliyetakiwa kununua hata kalavati moja. TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania, hana bahati hiyo. Tangu sheria ya mwaka 2017 ilipoziunganisha RAHCO, iliyomiliki njia, na TRL, iliyoendesha treni, shirika ni moja: mvua ikisomba tuta, gharama ya kokoto na mataruma inamrudia yuleyule anayekata tiketi. Nauli yenyewe hajipangii, kwa kuwa lazima ipitie LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu.

Msinijibu kwamba abiria wakijaa tuongeze treni. Kwenye njia moja inayotumiwa na treni za kwenda na za kurudi, treni hupishana stesheni tu, na stesheni masta haruhusu treni kuondoka mpaka mwenzake wa mbele athibitishe kwamba njia i tupu. Treni ya ziada inaweza kudai stesheni mpya ya kupishania, pamoja na watumishi wa kuilinda usiku na mchana.

Je, ingekuwa afadhali njia ibaki na hesabu zake na treni zibaki na zake? Wataalamu wengi husema ndiyo bila kusita. Mimi sijashawishika, kwa sababu pengo kati ya nauli na gharama halipungui kwa kugawanywa katika vitabu viwili.

Reli ya zamani ya Mtwara hadi Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya karanga. Mradi wa karanga uliachwa mwaka 1951, mzigo wa kuilisha reli ukakosekana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Hii mpya imepangwa kuwa na matawi ya Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Anayetaka treni ya abiria aanze kuuliza makaa hayo yatasafirishwa lini, kisha aulize ni fungu gani la bajeti litakalofidia nauli isiyotosha.