Madafu, busha na simu ya mkononi
Wiki iliyopita, katika kliniki ninayohudumu hapa Mtwara, mzee mmoja wa Mikindani alinikabidhi simu yake na kuniambia, "Daktari, nimejisomea mwenyewe, busha hili limeletwa na madafu." Alikuwa ameandika "madafu yanasababisha busha", na kurasa zilizojitokeza zilimkubalia moja baada ya nyingine. Dhana hii, kwamba kurasa zikiwa nyingi na zote zikasema kama usemavyo wewe basi jambo limethibitika, ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu aliyeandika jibu ndani ya swali huletewa kwanza wale wanaokosea pamoja naye.

Mtaalamu hulivunja swali kabla ya kulitafuta: mgonjwa ni nani, ana tatizo gani, tiba ipi inalinganishwa na ipi, kwa matokeo gani. Tunapoingia PubMed, hazina ya mihtasari ya tafiti iliyofunguliwa mwaka 1996 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, tunaandika jina la ugonjwa bila kulitia dhana yetu, kisha tunatafuta kwa makusudi utafiti unaotupinga. Hatua hii ya mwisho ndiyo ninayowasihi wagonjwa wangu waige, hata kwa Kiswahili na kwa simu ndogo.

"Mzee wangu," nikamwambia, "futa madafu, andika 'chanzo cha busha' tu." Zikaja habari za matende: minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu, ambayo huharibu mishipa ya limfu hata maji yakajaa kwenye mfuko wa korodani. Alikuwa ameacha madafu kwa miaka sita, na muda wote huo alilala bila chandarua. Nimempangia upasuaji.

Wapo pia wanaoamini kwamba ukurasa unaotangulia juu ndio sahihi zaidi, ilhali huenda ni tangazo lililolipiwa.

Wengine hudhani kwamba daktari anayefungua simu mbele ya mgonjwa hajui kazi. Mama mmoja alitaka kuondoka na mwanawe mwenye malaria aliponiona nikisoma mwongozo wa matibabu. Mtoto alikuwa na kilo 14 na nusu. Chini ya kilo 15 dozi moja ya dawa mseto ni kidonge kimoja, na kuanzia hapo ni viwili.